Maji Hayajui Mfano

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Sumbawanga pale Bi Kalista alipofika studio ya Felisian kuangalia video ya kumbukumbu ya marehemu binti yake. Alikuwa ametoka Milepa, kijiji cha bondeni, tangu alfajiri, na vumbi la njiani lilikuwa bado miguuni.

"Shikamoo, bibi," Felisian alisema, akimvutia kiti.

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe."

Felisian alikuwa fundi wa video za harusi na misiba, na tumpe haki yake, alikuwa hodari. Binti wa bibi alizama mtoni, basi yeye akatengeneza mto ndani ya kompyuta. Maji ya uongo kabisa, lakini yanapiga mawimbi na kutoa mapovu. Akaweka na kamera, si ya kushika mkononi, ni ile ya ndani ya programu, inayokwenda unakoiamuru. Aliiamuru ipae juu ya mto, ishuke, izame, isimame juu ya mwanamke aliyelala chini kwa gauni jeupe.

Bibi akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta.

"Huyu si Sharon wangu."

"Ni mke wangu, bibi. Picha ya Sharon ilikuwa ya kichwa tu. Huyu ni mfano."

"Umemlaza aliye hai... mahali pa marehemu?" Bibi alinong'ona. "Mwanangu, maji hayajui mfano. Mtoe kabla jua halijazama."

Akajifunga kitenge, akaondoka bila kuaga.

Felisian akacheka. Alicheka, jamani! Fundi wa kompyuta aambiwe nini na bibi wa bondeni? Akanunua karanga, akala, jua likazama. Kisha akaicheza video mara moja zaidi, kwa kujisifu tu.

Kamera ikapaa. Ikashuka. Ikazama.

Haikusimama.

Ilimpita yule mwanamke, ikageuka, ikaanza kumzunguka polepole, kama fisi anavyozunguka zizi. Blu... blu... blu... Mapovu. Na spika hazikuwa zimechomekwa. Chumba kikanuka tope na kambare.

Mwanamke wa chini ya maji akafumbua macho.

Simu ikaita. Ni Edith, mkewe, mwenye mimba ya miezi saba.

"Feli..." Sauti ilikuwa inakoroma. "Nimekaa tu jikoni... natapika maji... hayaishi..."

Felisian akaifuta picha ya mkewe. Edith akatoweka kwenye kioo, lakini kwenye simu bado anakoroma. Chini pakabaki patupu, na kamera ikawa inapekua tope, kushoto, kulia, inatafuta. Akaweka picha ya Sharon. Kamera ikampita. Huyo maji yalikuwa naye tayari.

Akafungua picha alizopiga kanisani siku ya Komunyo ya Kwanza. Watoto arobaini, wote kwa nguo nyeupe. Watu watakwambia mkono uliteleza. Uongo! Alichagua. Alimchagua Janeth, binti wa fundi cherehani wa chumba cha pili, mtoto aliyemletea chai asubuhi ileile. Alimchagua kwa sababu alikuwa wa kwanza kwenye orodha, na kwa sababu hakuwa wake.

Akamlaza chini.

Kamera ikatulia.

"Yamekata, mume wangu," Edith akasema, akihema. "Mungu mkubwa."

Upande wa pili wa ukuta, cherehani ikanyamaza.

"Janeth? Janeth! Jamani, njooni! Mtoto anatoka maji mdomoni!"

Watu waliokimbilia pale walikuta mtoto amekufa maji kwenye sakafu kavu. Hata ndoo haikuwepo.

Wiki moja baada ya mazishi, Mama Janeth akaja studio. Machozi yalishamwishia. Alishika picha ya mwanawe kwa mikono miwili.

"Kaka Felisian, nitengenezee na mimi. Kama ile niliyokuona ukimtengenezea Bi Kalista. Ile yenye maji."

Angemkataliaje? Aliona aibu, aliona hofu, akawasha kompyuta hivyohivyo huku mama wa watu amesimama nyuma yake. Mto ukatokea kwenye kioo, na Janeth yupo palepale chini. Ila hakuwa alivyomlaza. Alikuwa amesogea kando, amejibana kwenye tope, kama watoto wanavyompisha mgeni kitandani.

Pembeni yake palikuwa na nafasi. Nafasi ndogo, ya kichanga.

Simu ikaita.

"Feli," Edith akanong'ona, "chupa imepasuka... na siku bado. Maji yanatoka, Feli... hayaishi."