Gari Lililokunywa Jina la Marehemu

Jua lilikuwa linazama nyuma ya madungusi pale Nemesio Pushaina alipowasha gari kwenda kumchukua dada yake, Zunilda, aliyeshikwa na uchungu.

Gari lenyewe sasa! La Kijerumani, jeusi, refu kiasi kwamba kichwa kikiingia Maicao, mkia bado unaaga watu Uribia. Viti vya ngozi, laini kuliko shavu la askofu. Mbuzi wa jangwa zima la Guajira, ambao hata lori hawaliogopi, wakiliona lile walikuwa wanasimama pembeni na kuinamisha vichwa.

Lilikuwa na kasoro moja tu. Mwenyewe alikuwa bahili.

Fundi wake, Fawzi Mlebanoni, alishamwambia mpaka koo likamkauka.

"Tajiri, injini hii inakunywa petroli ya pampu, tena ya daraja la juu. Ukiipa hiyo ya magendo ya kwenye madumu, itagonga mpaka ipasuke."

"Mbona malori yanainywa?"

"Na punda anakula maboksi. Mkeo utampikia maboksi?"

Nemesio alicheka mpaka akashika mbavu. Akatoka pale, akaenda moja kwa moja kununua dumu barabarani.

Hata shemeji yake, mume wa Zunilda, alikuwa muuzaji wa madumu. Moto ukamkuta katikati ya madumu yake, hakubaki wa kuoshwa. Jina lake silitaji, na wewe usiniulize. Sisi Wayuu aliyekufa hatumtaji jina mbele ya nduguze. Ukimtaja unamwita, na akiitwa anakuja.

Mimba ya Zunilda ilikuwa yake.

Basi Nemesio akamlaza dada yake kiti cha nyuma, wakaondoka. Mkunga alishasema mtoto ametanguliza miguu, nyumbani hatoki mzima, wala mama yake. Hospitali ilikuwa mbali, na giza lilikuwa linaingia kama mtu asiyebisha hodi.

Ko.

"Kaka, nini hicho?"

"Kijiwe tu."

Ko. Ko... ko-ko-ko-ko!

Injini ikatetemeka kama mwenye malaria. Ikakohoa. Ikazimika.

Mbele barabara, nyuma barabara, pembeni miiba. Simu haina mtandao. Nemesio akafungua boneti, akaichungulia injini kama aliyeisomea, na hata plagi haijui ilipo.

"Kaka..." Zunilda alikuwa ananong'ona kwa maumivu. "Huyu hasubiri."

"Anakuja fundi sasa hivi!"

"Fundi gani? Umempigia kwa simu gani, kwa kidole?"

Nemesio akalipiga gari teke. Jasho lilikuwa linamtiririka, angeweza kunywesha ng'ombe. Ndipo mdomo wake, ambao tangu azaliwe haujawahi kupumzika, ukasema lisilosemwa.

"Ah! Angekuwepo tu..."

Akalitaja. Jina lote, na ukoo wake.

Upepo ukakatika.

Guajira upepo haukatiki! Huo unavuma tangu dunia haijakauka vizuri. Lakini ulikatika.

"Kaka," Zunilda akasema polepole, "umefanya nini?"

Chubwi... chubwi... chubwi...

Sauti ya dumu lililojaa, linabebwa na mtu anayetembea bila haraka. Ikaja harufu ya petroli. Nyuma yake ikaja harufu nyingine, ya nywele zilizoungua.

Nemesio alikuwa nyuma ya boneti, haoni kitu. Hakutaka kuona. Akasikia kifuniko cha tangi kinazungushwa. Akasikia mafuta yanamiminwa, taratibu, bila kumwagika hata tone, kama anavyomimina mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote.

Halafu sauti, kavu kama jani.

"Shemeji. Washa."

Akawasha.

Injini haikugonga. Ikawa kimya kama paka anayekanyaga pamba. Gari likaruka, nakwambia, magurudumu yalikuwa yanagusa lami kwa heshima tu. Nemesio akatupa jicho kwenye kioo. Zunilda alikuwa amelala, kichwa kimeinuka juu ya kiti... kama kimelazwa kwenye paja.

"Nani kakushika kichwa?"

"Usigeuke, kaka. Endesha."

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Mama salama. Wauguzi waligombana tu nani kaingia wodini na moshi.

Kesho yake Fawzi akafungua tangi. Akaingiza tochi. Akaingiza pua.

"Tajiri, tangi ni kavu. Kuna majivu tu. Na injini inawaka. Unalinywesha nini?"

Nemesio, mtu anayeongea kuliko redio, akaenda mbio kwa mashangazi zake.

Mashangazi walijua. Wafu wetu huenda kaskazini, Jepira, kwenye bahari. Huyu alikuwa ameshafika, akaitwa arudi. Sasa aliyemwita amrudishe, haraka, kabla hajazoea.

"Nampeleka leo," Nemesio akasema.

"Subiri," Zunilda akamzuia. "Mtoto halali mpaka asikie gari linaunguruma. Siku chache tu, kaka."

Wakasubiri. Kila asubuhi gari walikuta limegeuka, pua kaskazini, na mchangani hakuna alama ya gurudumu.

Jioni moja Zunilda akatoka jikoni. Kitanda cha mtoto cha kuning'inia kilikuwa kinabembea, kitupu.

"Kaka, mtoto umemchukua wewe?"

Nemesio akakimbia nje.

Mtoto alikuwa kiti cha nyuma. Amefungwa mkanda. Anacheka, anaangalia nafasi tupu iliyo pembeni yake. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa mpaka kwenye meno. Injini ilikuwa inawaka, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Nemesio.

Akavuta mkanda. Haukufunguka. Zunilda akauvuta kwa meno, akilia. Haukufunguka.

Breki ya mkono ikashuka yenyewe.

"Shemeji," sauti ikasema, kwa upole kabisa. "Unaendesha wewe, au niendeshe mimi?"

Nemesio akaingia kiti cha dereva. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Zunilda akajitupa nyuma, akamkumbatia mwanawe.

Mimi nilikuwa barabarani na mbuzi wangu walipopita kuelekea Jepira, mwendo wa harusi, vioo vimeshushwa. Nikawapungia.

Wakanipungia.

Mikono ilikuwa mingi kuliko watu.