Wa Sita Pangoni Suswa

Jumatatu asubuhi, Lenah alipoloweka ovaroli ya mumewe kwenye karai, maji yalinukia udi. Matope ya mapango ya Suswa alishayazoea. Tangu mwaka wa sabini na nane, Nyongesa alipojiunga na kilabu cha wapenda mapango, kila Jumapili alirudi Shauri Moyo amechafuka kama fuko. Lakini udi? Akaikunjua kamba ya mumewe ya kushukia pangoni. Kwenye fundo la mwisho ulikuwa umesukwa unywele mrefu, mweusi, bado una mafuta.

"Baba Asenath, mliingia na wanawake?"

"Wanaume watano tu," alijibu Nyongesa bila kuinua macho. Tangu arudi hakuwa amegusa chakula, na Lenah alipomkaribia alisogea, kama anayempisha mtu aketi kati yao.

Wivu ukamkaba Lenah. Mchana akamfuata Bedan, fundi wa Gikomba aliyewaongoza kule chini.

"Shemeji," Bedan alinong'ona, akiweka nyundo chini, "sheria yetu ni kuhesabiana kabla ya kutoka. Tulihesabu moja mpaka tano, tumelala kifudifudi kwenye upenyo mwembamba, Nyongesa akiwa wa mwisho na taa yake ya kabaidi imezimika, na nyuma yake, pale ambapo hapakuwa na mtu, sauti ya kike ikasema 'sita', taratibu, karibu sana, na yeye, badala ya kupiga mayowe kama sisi, akacheka."

Lenah alikuwa mtu wa kanisa, lakini alijifunga leso akaenda Islii kumwita Maalim Shire, mtoa majini. Alasiri ile chetezo kilifuka chumbani mwao, Maalim akasoma na kusoma, kuta zikatiririka maji, harufu ya popo ikapanda kutoka sakafuni ikapambana na ya udi, mpaka kinywa cha Nyongesa kikafunguka na sauti laini ya mwanamke ikatoka: "Huyu Lenah anataka nini kwa mume wangu?"

"Mtoke!" Maalim akaamuru.

"Nitamtoka. Aniambie mwenyewe kwamba hanitaki."

Maalim akamgeukia Nyongesa. "Mwambie."

Nyongesa akageuzia uso ukutani.

Lenah alimshika mumewe mkono. Ulikuwa baridi kama jiwe. "Baba Asenath, ni neno moja tu. Nakuomba."

Nyongesa alimtazama, machozi yakimlengalenga, kisha akafumba midomo kama mtoto anayekataa dawa.

Maalim alimsihi mara ya pili, na ya tatu. Mwishowe akafunga kitabu chake.

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hutoa jini lililomng'ang'ania mtu. Hapa, mumeo ndiye aliyeling'ang'ania."