Redio Ilisema Thelathini na Wanane

Redio ilitangaza kwamba kituo cha shule ya Kaselele kimeandikisha wapiga kura wapya thelathini na wanane tu. Mbula alikuwa amepeleka watu sitini na wanne. Basi watu wa redio ni waongo.

Hivyo ndivyo alivyoamini, na shida yote ilianzia hapo.

Mbula alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kikundi cha majirani wanaochimbiana matuta ya shamba kwa zamu. Majina yote yako kwenye daftari lake. Asiyefika kazini hutozwa kuku. Wiki ya kwanza ya uandikishaji, Mbula alisimama kwenye foleni na daftari hilo, akaweka alama kwa kila aliyeingia. Sitini na wanne, yeye mwenyewe akiwemo.

"Wale wengine ishirini na sita wako wapi?" alifoka Jumatatu mbele ya kikundi. "Tumeibiwa hata kabla ya kura! Hakuna mtu kwenda pale tena. Atakayeenda, kuku mmoja!"

"Kuku yangu inataga, mwenyekiti," Kiema akasema. "Mimi siendi hata kuchungulia."

Watu wakacheka, lakini wakatii. Ishirini na tisa walikuwa hawajajiandikisha. Mmoja wao alikuwa Kanini, binti ya Mbula.

Ijumaa asubuhi Kanini alishindwa kunyamaza.

"Mwaitu," alimwambia mama yake, "nimengojea kitambulisho miezi mitano, na sasa kimefika. Leo wanafunga, na hakuna siku nyingine kabla ya uchaguzi. Umemuuliza karani?"

"Nimuulize mwizi kama ameiba?"

"Muulize tu. Akikosa jibu, tumkamate pamoja."

Saa nane mchana Mbula aliingia darasani kama anayevunja mlango. Karani, kijana aitwaye Ndolo, alikuwa peke yake na mashine yake.

"Toa jina langu humo!"

"Karibu, mama! Siku nne nimekaa hapa nikihesabu mbuzi wanaopita dirishani. Kwa nini nitoe?"

"Redio imesema thelathini na wanane. Mimi nilileta sitini na wanne!"

Ndolo akamsukumia karatasi. "Soma mwenyewe."

Mbula akasoma polepole, kidole juu ya mstari. Wapya, thelathini na wanane. Waliohamisha kituo, thelathini na wawili. Jumla, sabini.

"Sabini?"

"Wenu sitini na wanne, na sita wasio wa mwethya. Hakuna aliyepotea. Wewe ulizaliwa wapi, mama?"

"Mukuyuni, kule Makueni. Niliolewa huku Kitui."

"Uliwahi kupiga kura huko?"

"Mara tatu."

"Basi wewe si mpya, umehama tu. Mbuzi akitoka zizi la dada yako akaingia lako, utasema amezaliwa leo?"

Mbula akapitisha kidole tena juu ya mstari wa pili. Karibu nusu ya wanawake wa mwethya waliolewa kutoka Makueni. Aliwahesabu wote, lakini hakumuuliza hata mmoja alikuwa amekwenda kufanya nini.

"Redio haikudanganya," Ndolo akasema. "Ilisoma mstari mmoja ikaacha wa pili. Ukisikia hesabu, uliza ni ya kitu gani, ni ya mpaka siku gani, na imetoka wapi. Halafu njoo uone karatasi."

"Kwa hiyo mjinga ni mimi."

"Sijasema hivyo, mama."

"Nimesema mimi! Unafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

Mbula alitoka mbio. Alipofika kwenye matuta alipuliza filimbi ya mwethya mpaka mashavu yakamuuma.

"Acheni majembe! Nilikosea! Leteni vitambulisho, kimbieni!"

"Na kuku yangu?" Kiema akauliza, tayari anakimbia.

"Leo kuku ni faini ya atakayebaki nyuma!"

Walifika wakihema, udongo mpaka kwenye viwiko. Mashine ikakataa vidole vyao. Kanini akaleta beseni na sabuni, akaanza kusugua mikono ya watu mmoja mmoja. "Weka tena! Bonyeza!" Mashine ikilia, foleni nzima inapiga makofi. Kando ya mlango Mbula alikuwa kwenye simu, anawakemea watu wa redio: "Mmesoma nusu! Someni na wale thelathini na wawili!"

Katika mwethya, shamba la mwenyekiti huchimbwa la mwisho. Kanini alilijua hilo. Alipomaliza kuosha mikono ya wengine, alisimama nyuma ya wote bila kuambiwa.

Kesho yake asubuhi redio ilisoma mistari yote miwili, na mtangazaji akaomba radhi. Mbula naye alipiga mstari katikati ya ukurasa wa daftari lake. Upande mmoja aliandika "wapya", upande wa pili "waliohama".

Kisha akahesabu mara ya mwisho. Waliokuwa wamebaki ni ishirini na tisa. Walioandikishwa Ijumaa ni ishirini na sita. Ndululu alikuwa soko la Kabati akiuza ndengu, hakusikia filimbi. Muindi alirudi nyumbani kuchukua kitambulisho, aliporejea kituoni akakuta mlango umefungwa. Wa tatu alikuwa amebakiza mtu mmoja tu mbele yake, aliyekuwa tayari kwenye mashine, ilipogonga saa kumi na moja, mikono yake ingali na povu la sabuni.

Zilipotea siku nne na kura tatu. Moja ilikuwa ya Kanini.