Usiiminye Mpaka Kesho

"Tisa, unamwona?"

"Namwona, Mkuu. Yuko mbele yangu."

"Akipita boya jekundu, yuko maji ya nchi jirani. Hatuwezi tena kumgusa."

Redio ikakata.

Jasusi Tisa aliinamia usukani wa pikipiki yake ya maji. Mbele yake Kofia, mlanguzi wa silaha, alikuwa anakimbia kwa pikipiki kama hiyo, na sanduku la viwashio vya mabomu. Nyuma ya Kofia alikalishwa dada yake Tisa, fundi wa injini, awe ngao ya risasi. Asubuhi ile Kofia alimvamia gerejini, akamshikia bastola amfungie ekzosi mpya, kisha akaondoka naye.

Jana dada alimfungia Tisa ekzosi kama hiyohiyo.

"Inapumua mno," alimwonya. "Hewa imezidi, mafuta hayatoshi. Usiiminye mpaka kesho nirekebishe kabureta, mdogo wangu. Pistoni itaungua."

Kesho yenyewe ndiyo hii. Na fundi ndiye yule, anapelekwa.

Akienda polepole, anampoteza. Akiminya, injini inakufa. Afanyeje?

Akaminya.

Mashine ikaruka. Mita mia. Hamsini. Dada akageuka, akatikisa kichwa kwa nguvu.

Injini ikaanza kugonga, utadhani mtu anapiga sufuria ndani yake. Moshi. Kimya.

"Tisa, vipi?"

"Imekufa, Mkuu."

"Boti ya doria bado iko mbali. Fanya kitu!"

Kitu gani, jamani? Alichomoa bastola yake ya Glock, akairudisha, angempiga dada. Akalala kifudifudi, akapiga maji kwa mikono, jitu zima na mafunzo yake yote. Mashine haikusogea. Alilia waziwazi. Alimwita dada yake mpaka sauti ikamkauka, na boya lilikuwa palepale mbele ya Kofia.

Kofia akampungia mkono, anacheka.

Halafu mashine ya Kofia nayo ikaanza kugonga.

Ikazima. Kofia akatukana, akageuka kumkamata mateka. Hayupo! Dada alishajitupa majini, anaogelea kuelekea kwa mdogo wake.

Kofia akainua bastola.

Tisa akafyatua mara moja. Bastola ya Kofia ikazama, mikono ikapanda juu. Wakaelea hivyo, kila mtu na mashine yake mfu, mpaka boti ya doria ikawafikia.

Gatini, dada aliingiza kidole kwenye tundu lililoungua la pistoni ya Tisa.

"Ya Kofia niliiua makusudi. Sikumwongezea mafuta kwenye kabureta hata tone. Hii yako umeiua mwenyewe."

"Nilikuwa nakufuata wewe, dada."

"Si nilikutikisia kichwa? Nilijua yake haifiki kwenye boya."

Dada akamvuta, akamkumbatia na nguo zake zilizolowa, akamwachia.

Redio ikalia. "Hongera, Tisa. Na mashine ya serikali iko salama?"

Tisa akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akazima redio, akaondoka kwa madaha, viatu vikivuja maji kila hatua.