Wimbo Uliokatwa Pumzi

Bwana Tikisa alikifuta kile kimya cha kwenye wimbo Jumatatu, na Jumanne asubuhi akakikuta kimerudi. Pale mwimbaji anaponyamaza, kisha anavuta pumzi ndefu kabla ya mstari unaofuata, palikuwa vilevile, utadhani hakupagusa. Mtu mwenye akili angejiuliza. Yeye aliilaumu kompyuta, akafuta tena.

Alijiita prodyuza. Kazi yake ilikuwa kuchukua nyimbo za marehemu, kuzipigia ngoma za disko na kuziandika jina lake. Wimbo huu uliimbwa zamani, polepole, na mama mmoja akimlilia mumewe, na watu wazima wakiusikia waliacha walichokuwa wakifanya. Tikisa alisema unachosha. Kila kimya akakijaza ngoma, na kuimba upya akampa bintiye, kwa kuwa mtoto wa nyumbani hana pa kukatalia.

Ukavuma. Saluni, baa, harusini, watu wanakata viuno juu ya kilio cha mjane, na baba mtu anatembea kifua mbele kama kwamba aliyefiwa ni yeye. Aibu hakuwa nayo hata ya kuazima.

"Baba," binti alimnong'oneza, "kwenye hedifoni kuna mtu anavuta pumzi. Si mimi."

"Umaarufu huo, mwanangu. Utauzoea."

Alasiri moja, wakifanya mazoezi studio, harufu ya nywele zilizoungua ikatoka kwenye spika, na binti akaimba mstari wa kwanza, akauunganisha na wa pili, na wa tatu, bila kupumua, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamtiririka, na hata baba yake alipozima mitambo yote yeye akaendelea, akiiba hewa kidogokidogo kama anayezama, midomo ikianza kubadilika rangi.

Ndipo Tikisa akampigia simu mdogo wake yule mwimbaji marehemu, ambaye Tikisa hakuwahi kumwomba ruhusa ya wimbo.

"Shikamoo, mama."

"Leo ndiyo umejua kuniamkia?"

Akamweleza yaliyompata binti.

"Dada hakuimba peke yake," mama yule akasema taratibu. "Alikuwa na jini wake. Kile kimya kilikuwa zamu ya jini. Umempora zamu, naye anaidai kwa mwanao. Mwimbie jini wimbo wote, kwa mdomo wako, polepole, unyamaze kila alipokuwa akinyamaza dada. Ukishaanza, usikatize hadi mwisho. Ukikwama, humpati tena huyo mtoto. Sasa sikiliza, nikutajie maneno..."

"Mama, wimbo huo nimeutengeneza mimi," Tikisa akajibu, akakata simu.

Akaanza. Sauti yake ilikuwa ya chura, lakini aliimba. Akanyamaza panapostahili, na ndani ya kile kimya kitu kikaimba, chini kabisa, kwa kuridhika. Binti akafunga mdomo na kuvuta pumzi nzima. Mstari mwingine, kimya kingine, pumzi nyingine. Rangi ikamrudi usoni. Mpumbavu yule akatabasamu, tayari anawaza jinsi sauti ile nzito ingependeza ikiwekewa ngoma.

Ubeti wa kwanza ukaisha.

Wa pili aliutupa siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuusikiliza, kwa sababu wimbo wa disko hauhitaji maneno mengi. Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Baba," binti akasema, kwa ile pumzi aliyokuwa amepewa, "endelea."