Maua Aliyoyatupa Isurugi

...risasi tatu za kifua, jamani, TATU! Na aliyetoa amri ni rafiki yake wa miaka arobaini!

Nimeona kwa macho yangu haya. Mzee Isurugi kaanguka kwenye ngazi, damu chapachapa, na mimi nimesimama pembeni na shada la maua.

"Kata!" akasema Mzee Kuramochi.

Haya, pumueni wapenzi. Ni filamu. Tuko studio, Kyoto. Ila usaliti wenyewe ulikuwa wa kweli!

Mimi Chinami, nimemaliza chuo mwaka jana tu, nikapata kazi ya kumsaidia Kuramochi, yule mwongozaji wa filamu za majambazi. Kwake watu wanakufa kama nzi!

Na kwetu, mwigizaji akimaliza kipande chake cha mwisho, anatangazwa jina, anapewa maua, wote tunapiga makofi. Hata kama kalowa damu ya rangi. Mbeba maua ni mimi.

Sasa sikieni. Isurugi alishakufa kwenye filamu thelathini na moja za Kuramochi. Kanyongwa, kachomwa kisu, kazamishwa bandarini na zege miguuni...

Safari hii aliahidiwa kuishi! Mwishoni angetembea kwenye theluji Hokkaido, Februari, mzima kabisa.

Asubuhi hiyo ya Novemba tukagawiwa kurasa mpya za hadithi. Anakufa. Leo leo.

"Tetsuo, ulinipa neno lako," Isurugi akamwambia Kuramochi.

"Lala kwenye ngazi, tupige."

"Mke wangu keshaninunulia koti la theluji!"

"Atakuzika nalo. Lala."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Akafa vizuri mno... Nikampelekea maua, nikapaza sauti:

"Mzee Isurugi amemaliza vipande vyake vyote!"

Makofi. Akayatupa miguuni kwa Kuramochi.

"Miaka arobaini, Tetsuo. Usinitafute tena."

Akaondoka na damu yake vile vile!

Mzee Kuramochi akainama, akaokota ua moja moja.

"Yaweke kwenye maji, binti."

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Mimi nilijua!

Wiki moja kabla nilimpeleka hospitali. Alitoka kwa daktari, akakaa kwenye benchi, akala tonge lake la wali taratibu mpaka likaisha.

"Februari sifiki, Chinami. Filamu ataimalizia mwingine. Sitaki mgeni ndiye amwambie Isurugi 'kata'. Nimemuua mara thelathini na moja, hii ya mwisho pia ni yangu."

"Si umwambie tu, bosi!"

"Akijua, atanionea huruma mbele ya kamera. Funga mdomo."

Nikainamisha kichwa. "Ndiyo, bosi." Kwetu mkubwa akishasema, ndiyo imetoka.

Siku kumi na tisa baada ya zile risasi, Mzee akafariki. Isurugi hakukanyaga hospitali hata mara moja.

Mazishini alikuja. Amevaa lile koti la theluji!

Binti wa marehemu akamkabidhi ukurasa wa zamani, ule wa Hokkaido. Chini kuna mwandiko wa kutetemeka:

"Ningefika Februari, ungetembea."

Akausoma mara mbili. Akanigeukia.

"Chinami. Yale maua?"

Yalishakauka, lakini nilikuwa nayo kwenye begi. Akayalaza kwenye jeneza, akasimama wima, akatangaza kwa sauti ile ile ya studio:

"Mwongozaji Kuramochi Tetsuo... amemaliza vipande vyake vyote!"

Makofi. Tulipiga mpaka viganja vikawaka moto, machozi yanatiririka!

Pale mlangoni akaniambia, "Laiti mtu mmoja tu angeninong'oneza. Siku kumi na tisa, binti. Ningekaa naye hata bila kuongea."

Na mimi nikafanya nini? Nikainamisha kichwa. Tena!

Wapenzi, siri inayomnyima mtu nafasi ya kuaga si heshima. Ni woga wangu tu.

Hajui kwamba nilijua. Ninyi ndio wa kwanza kusikia, na hiyo nayo ni aibu. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni kwake, na yote yaliyobaki nitamwambia yeye.