Mwenye Gari Hajaambiwa

Aliyemwambia Maidei kwanza habari ya kuvuka mto na maiti alikuwa mzee Gwatidzo, mtani wa ukoo wa mumewe, aliyekuwa fundi magari kule mjini, mtaa wa Mbare, mpaka macho yalipofifia. Alimwambia saa kumi jioni, jeneza likipandishwa kwenye pikapu.

"Mke wetu," alisema, akilipiga boneti kofi kama anayemsalimu ng'ombe, "gari likizima na taa zake, tafuta waya. Likizima taa zikabaki, tafuta mafuta. Ila likizima juu ya mto na maiti imo, usiguse kitu. Mwambie marehemu kwamba anavuka."

"Na asiposikia, babu?"

"Atasikia. Wewe omba tu asiwe na la kujibu."

Akacheka mpaka akakohoa. Hakuna aliyemkemea. Kazi ya mtani msibani ni kucheka wengine wakilia.

Aliyelala jenezani alikuwa Zivanai, mdogo wake Tichaona, na Tichaona ndiye mume wa Maidei. Ilisemekana wezi walimvamia nyumbani kwake wakampasua kichwa. Mapigo matatu. Pikapu ilikuwa yake. Desturi inakataza kugusa mali ya marehemu kabla ya siku ya kuigawa, lakini Tichaona alikuwa amefunga ufunguo kiunoni tangu siku ya pili ya msiba.

"Tukodi gari la nini na hili lipo?" alisema. "Abebwe na gari lake alilokuwa akinyima watu."

Maidei hakuwa mtu wa kusema. Alfajiri ya Jumatatu, kabla habari za kifo hazijafika, alimkuta mumewe uani akiosha spana ya magurudumu ya pikapu ile, ndani ya beseni la kufulia nguo za mtoto. Povu la sabuni lilikuwa jekundu. Tichaona alimsukumia beseni kwa mguu.

"Mwaga."

Akamwaga.

Safari ikaanza. Tichaona alishika usukani. Maidei alikaa kando yake, binti yao Ratidzo, mwenye miaka minne, mapajani. Mzee Gwatidzo alikaa nyuma na jeneza, akiwa na chupa yake ya togwa, akimtania marehemu njia nzima.

"Zivanai! Ukiwa hai hukunipa lifti hata mara moja. Leo tunabanana huku nyuma, mchoyo wewe!"

Mvua ya Januari ilikuwa imenyesha siku nne. Jua lilikuwa linazama walipofika mto Nyachiva. Daraja lake ni zege bapa, halina vizuizi pembeni. Maji yalipita chini yake kwa kasi, yakibeba matawi na povu. Ng'ambo, mwendo wa nusu saa, mama mkwe alikuwa anamsubiri mwanawe wa mwisho.

Wakafika katikati.

Injini ikazima.

Haikukohoa. Haikutetemeka. Ilikatika tu, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Taa zikabaki zinawaka.

Tichaona akapiga stata. Ikalia bila kuwasha. Akapiga tena. Harufu ikaingia ndani ya gari... si ya petroli. Ilikuwa harufu ya sabuni ya kufulia.

Mzee akagonga paa. "Tichaona! Mwambie mdogo wako anavuka."

"Maiti haina masikio, mzee."

"Basi sema, tusikie sisi wenye masikio. Maneno mawili tu. Wewe ndiye kaka yake."

"Sisemi na ubao."

Maji yakapanda juu ya zege. Mara yakalamba magurudumu. Maidei akamkumbatia mtoto. Mume wake alikuwa anatoka jasho, na midomo yake ilikuwa inacheza, lakini jina la mdogo wake halikutoka.

"Baba Ratidzo," Maidei akanong'ona, "mwambie. Kwa ajili ya mtoto."

"Nyamaza."

Nyuma, kitu kikagonga.

Ko.

Ko.

Ko.

"Babu, acha kugonga!" Tichaona akapiga kelele.

"Mimi nimeshika chupa kwa mikono miwili," mzee akajibu. Hakuwa anacheka tena.

Ratidzo akainua kichwa. "Mama, baba mdogo anataka kutoka."

Hapo Tichaona akachomoa ufunguo. Akaichukua spana chini ya kiti, akafungua mlango, akapanda nyuma. Maidei alimwona kupitia kioo. Mzee Gwatidzo alisimama mbele ya jeneza, mikono ameinyoosha.

"Usimpige maiti, mwanangu. Utani una mpaka."

Tichaona akampiga yeye. Mfupa wa mkono ulivunjika kwa sauti ya kuni kavu. Mzee akaanguka kando, na chupa ikapasuka.

Kisha Tichaona akalipiga jeneza upande wa kichwani.

"Umekufa!" Pigo la kwanza.

"Nilikuua mimi!" La pili. "Gari ni langu sasa!"

La tatu.

Ubao haukupata hata mkwaruzo.

Tichaona akashika kichwa. Hakuna aliyemgusa. Damu ilitoka juu ya sikio, ikatoka utosini, ikatoka kwenye paji la uso. Sehemu tatu. Ikamiminika machoni, ikajaa mdomoni. Akalia kama mbuzi aliyekosewa kisu. Akaitupa spana mtoni kwa nguvu zake zote, na Maidei akaiona inazama. Kisha akaanguka kifudifudi juu ya jeneza, kiganja kimefumba ufunguo.

Maji yakaingia chini ya mlango. Pikapu ikasogea kando, mara moja, taratibu... Gurudumu la nyuma likafika ukingoni mwa zege.

Maidei akamkalisha mtoto juu ya dashibodi. Akashuka. Maji yalimpiga magotini na yalikuwa baridi kama chuma. Akajishikilia ubavuni mwa gari mpaka nyuma, akaegemeza mdomo kwenye ubao wa jeneza.

"Shemeji Zivanai," akanong'ona. "Unavuka mto."

Kimya.

"Ulinifundisha kuendesha gari hili. Kwenye uwanja wa shule. Unakumbuka? Ulinicheka."

Gurudumu likateleza tena.

"Maji ya beseni niliyamwaga mimi. Nilijua. Siku nne nilijua, nikapikia watu ugali, nikanyamaza." Akafunga macho. "Nivushie mtoto. Kesho nitasema mbele ya mama yako. Nikinyamaza, njoo unichukue mimi. Yeye umwache."

Ndani ya jeneza, kitu kikageuka. Polepole. Kama mtu anayejilaza vizuri apate usingizi.

Injini ikawaka.

Ufunguo ulikuwa bado kwenye kiganja cha Tichaona. Kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Maidei akapanda. Akakanyaga klachi, akatia gia, na usukani ukamlegea mikononi. Hakutazama kioo mpaka walipofika ng'ambo.

Nyumbani kwa mama mkwe, Tichaona, aliyekuwa amezinduka njiani, aliwaambia watu aliteleza darajani. Mzee Gwatidzo alifungwa mkono kwa vijiti, naye akasema alianguka. Lakini injini ilikataa kuzima. Ufunguo haukuwamo. Mzee akafungua boneti kwa mkono mmoja, akachomoa waya za betri. Injini ikaendelea kunguruma uani, na mshale wa mafuta umelala chini kabisa.

"Babu, kwa nini husemi?" Maidei akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Si mimi niliyeahidi, mke wetu. Nilisikia ahadi ni ya nani."

Kabla hapajapambazuka Tichaona alimfuata Maidei jikoni, kitambaa kimefungwa kichwani, damu imekauka shingoni. Akainama kwenye sikio lake.

"Ukifungua mdomo, kumbuka beseni. Tutafungwa wawili. Ratidzo atalelewa na nani?"

Maidei akaendelea kukoroga uji.

Asubuhi watu wakapanga mstari kumuaga marehemu. Mama mkwe alikuwa wa kwanza. Jeneza, lililofungwa kwa misumari mjini mbele ya macho ya wote, likafunguliwa.

Mama mkwe hakupiga yowe. Alirudi nyuma hatua moja.

Spana ya magurudumu ilikuwa kifuani mwa Zivanai. Ilikuwa inachuruzika maji ya mto. Vidole vya maiti vilikuwa vimeishika kwa nguvu, na chini ya kucha kulikuwa na povu jekundu la sabuni.

"Nani aliweka kitu hiki humu?" mama mkwe akauliza.

Tichaona akamtazama mkewe. Alitikisa kichwa kidogo tu. Usithubutu.

Maidei akamkabidhi Ratidzo kwa mzee Gwatidzo, akapenya mstari, akasimama kando ya jeneza. Hakuwahi kusema mbele ya watu, hata siku ya harusi yake.

"Mama," alisema, "beseni la damu ya mwanao nililimwaga mimi. Aliyeniambia nimwage ni huyu hapa."

Akanyoosha kidole.

Uani, injini ikazima.

Watu wote wakageuka. Waya za betri zilikuwa bado zinaning'inia.

Lakini taa zilikuwa zinawaka, zote mbili, mchana kweupe, zimemmulika Tichaona.